Kura Zilizopigwa Ngazini

Nichekeni, lakini kwa huruma. Mimi ni mtendaji wa kijiji, mgeni huku jirani na Gulwe. Tangu nihamishiwe hapa, hakuna aliyewahi kugonga mlango wa ofisi yangu. Ikifika saa tisa nafunga, naenda kujifungia chumbani na redio.

Juzi nikabandika tangazo mlangoni: mkutano wa kijiji, Jumamosi jioni, wananchi waamue wenyewe kama tuanze na kisima au zahanati. Siku ilipofika, nikakuta uwanja umejaa! Nikapanda ngazi ya ofisi, nikahutubia mpaka sauti ikakauka.

“Wanaotaka kisima, mikono juu!”

Mikono yote ilikuwa juu, na simu mkononi. Nikajua wananipiga picha. Nikauliza zahanati, mikono ileile. Machozi yakanilengalenga: kumbe nina watu!

Bibi mmoja akanisogelea.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Tunaomba ushuke. Kila jioni tunainua simu hapa kutafuta mtandao, nao unashika vizuri hapo ngazini tu, na sisi tunataka kuongea na watoto wetu walioko Dodoma.” Akakitazama kitambulisho kifuani kwangu. “Kwani wewe ni nani?”