Tangi la Baba na Bunda la Pamba

Kutu ina harufu yake, na ikichanganyika na siki ya maganda ya nanasi inakuwa harufu ambayo sijakutana nayo tena popote. Nyumbani kwetu Kiwangwa nanasi halitupwi. Lililopondeka tunalila, na maganda tunayaloweka kwenye ndoo mpaka yawe siki. Msimu ule siki yote ilimiminwa ndani ya tangi la pikipiki ya baba, lililooza kwa ndani hadi likawa linavuja na petroli inatoka na rangi ya chai. Likalazwa uani, na nyumba nzima ikanuka uchachu. Mimi niliipenda harufu ile kuliko udi, kwa sababu niliamini kwamba tangi likipona baba atarudi.

Baba alikuwa amekufa. Kijiji kizima kilijua isipokuwa mimi. Kwetu mtoto mdogo haambiwi msiba, hupelekwa kwa ndugu mpaka watu watawanyike, nami nilipelekwa Bagamoyo kwa mama mdogo, nikalishwa pweza na visheti kama mgeni wa sikukuu, bila kuelewa nimefanya jema gani. Niliporudi nikaambiwa baba amekwenda Msata kufuata spea za pikipiki. Hilo lilinitosha, maana Msata alikuwa akienda kweli. Yaliyonichanganya ni mengine. Mama hatoki nje, amejifunga kaniki, hana wanja wala hina, na majirani wanaingia kumsalimia kwa sauti za chini. Nilimuuliza kama anaumwa. Akasema, "Nimekaa eda, mwanangu." Nikadhani eda ni aina ya homa.

Mjomba Shabani, kaka yake mama, ndiye aliyeanza kututolea nanasi shambani kwenda barabarani, na bila pikipiki asingeweza. Alitaka tangi lipelekwe kwa fundi. Mama akakataa katakata. Gundi ya kuliziba kwa ndani baba alikuwa ameshainunua kwa mafundi wa boti za faiba, na mama alisema kazi aliyoianza mumewe haitamalizwa na mtu baki. Basi tukafanya wenyewe uani. Tulitia kokoto na mnyororo mkuukuu wa baiskeli, tukalitikisa tangi mpaka kutu ikabanduka, tukasuuza, tukaanika. Mama alikuwa akitikisa huku analia, kisha ananitazama nilivyotapakaa kutu puani, anacheka. Sikujua nimfuate kwenye kipi. Bibi, mama yake baba, alikaa kwenye jamvi na tasbihi yake.

Siku ya gundi nilikuwa na furaha isiyo na mfano. Gundi ile ukishaichanganya na dawa yake haikupi nafasi ya kuzubaa: unaimimina, unaziba kila tundu, halafu unaligeuza tangi polepole pande zote, ipake kila kona, mpaka ianze kushika. Tundu la chini halikupata boliti ya kulitosha. Mama akaingia chumbani, akatoka na bunda la pamba, akachana kipande, akakipaka nta ya mshumaa na kuliziba. Tukamimina, tukaanza kugeuza. Ndipo bibi alipopita na birika lake la kutilia udhu, akaona pamba nyeupe inachungulia tunduni.

"Mama Zuhura, pamba hiyo umeitoa wapi?"

Mama akaendelea kugeuza.

"Si ndiyo iliyobaki? Ile waliyomzibia mwanangu walipomkafini?"

Bibi alikuwa na mtoto mmoja tu duniani. Hilo hata mimi nililijua.

"Baba amezibwa?" nikauliza. "Wapi?"

Mikono ya mama ikasimama. Mjomba akasema taratibu, "Dada, usiache kugeuza, itaganda upande mmoja." Mama akageuza. Bibi akakaa chini palepale, maji ya birika yakimwagika, akalia kwa sauti.

"Baba yako amefariki, Zuhura," mama akasema. "Tumeshamzika. Shika vizuri upande wako, geuza polepole."

Nikageuza polepole. Nilihisi nimedanganywa na watu wote ninaowapenda, na papo hapo nikawa naogopa gundi isiharibike. Sikujua nilie kwa lipi. Nikauliza, "Na tangi likikauka?"

Tangi halikuvuja tena, na pikipiki ikambebea mjomba nanasi kwa misimu mingi. Nami kwa muda mrefu kila nikisikia mlio wa pikipiki ile nilikimbilia mlangoni, ilhali nilishaambiwa. Nilikuwa najua na sijui.

Siku hizi ninaishi Bagamoyo mjini, na kwenye jambo hili nimekuwa mkali hata mama ananicheka. Nimegombana na ndugu misibani kwa sababu ya watoto kufichwa. Mwaka jana mdogo wa mume wangu alipofariki, wakataka bintiye apelekwe mbali. Nikagoma. Nikamketisha mkekani, mtoto wa umri niliokuwa nao mimi wakati ule, nikamwambia waziwazi kwamba baba yake amekufa, amezikwa, na waliokufa hawarudi. Nilijiona nimempa nilichonyimwa. Alinisikiliza kwa utulivu, akarudia maneno yangu yote bila kukosea hata moja. Kisha akaniuliza kama tumwekee baba chakula chake, au atakula hukohuko.