Siku Mama Mkwe Aliponinusa Mdomo

Mimi nimenuswa mdomo na mama mkwe wangu. Mchana kweupe, ukoo mzima umekaa kwenye mabenchi unatazama, nami nimekenua kama mbuzi anayekaguliwa meno mnadani. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, maana kila nikisimulia kuna mtu ananikatiza katikati kuuliza "ulinuswa kweli?", na mimi nikikatizwa nasahau nilipofika. Nilinuswa. Na namshukuru Mungu kwamba nilinuswa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka ya Songea yameanza kujaa tena, sabuni ya kunukia unachagua rangi uitakayo, na mitumba imeingia kwa marobota mpaka sisi mafundi cherehani wa Lizaboni tukawa tunapunguza suruali za watu badala ya kushona mpya. Sisemi mitumba ndiyo iliyonifundisha pombe (nilikuwa naijua vizuri tangu zamani), ila kazi ikipungua na kilabu kiko hatua chache tu kutoka kwenye cherehani, mtu unajikuta umekwenda huko saa nne asubuhi "kusalimia". Mke wangu, Skolastika, alisema, akavumilia, akanyamaza, na alipochoka kunyamaza akambeba Osmunda wetu mgongoni akarudi kwao Mpitimbi. Nilirudi nyumbani nikakuta vyombo vimeoshwa na mlango umeegeshwa. Niliacha pombe siku ileile, na hilo naomba mlishike vizuri kwa sababu mkasa wote uko hapo: tangu Skola aondoke sikuwa nimeonja hata tone.

Miezi minne ikapita, ndipo likaja neno kutoka kwa baba mkwe kwamba nifike Jumapili mchana, wakae wanione, na kama nimebadilika nitaondoka na mke wangu. Na kama sijabadilika (hapo yule aliyetumwa akawa anaangalia viatu vyake), baba mkubwa wa Skola amesema hiyo itakuwa safari yangu ya mwisho kule, na mtoto atakulia kwao.

Sasa mtu mwenye akili angenunua sukari na doti ya kanga, akaenda zake. Mimi nikafikiri. Nilijua baba mkwe anapenda ulanzi kuliko soda zote za mjini, na ulikuwa msimu wake, mianzi inagemwa kila mahali, nikajiambia: nikimpelekea mzee dumu zima, nimelibeba mwenyewe safari yote ile, likafika limejaa mpaka shingoni, upo ushahidi gani mwingine mkubwa kuliko huo kwamba nimeacha? Nikajiona nina akili kushinda mahakimu.

Basi nikanunua dumu jipya Mfaranyaki, yale ya njano ya plastiki yaliyokuwa yanaingia wakati huo, yenye kifuniko cha kuzungusha. Jumapili baada ya misa ya kwanza nikampitia mgema mmoja mzee chini ya milima ya Matogoro, akanijazia ulanzi wa alfajiri hiyohiyo, mtamu bado, akachomeka jani la mgomba kwenye mdomo wa dumu.

"Kifuniko weka mfukoni," akaniambia. "Huu bado unapumua. Uachie njia."

"Sawa, mzee," nikamjibu, nikaondoka kwa adabu zote, na nilipokata kona tu nikatupa lile jani nikakaza kifuniko. Kwa nini? Kwa sababu jani lingevujisha, na mimi nilikuwa nimevaa shati jeupe nililolishona mwenyewe kwa ajili ya siku ile, nikishona vifungo huku nikisali. Sikutaka kufika ukweni nanuka pombe. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu, wala siongezi chumvi.

Barabara kubwa sikuipita. Kule kuna malori na kuna watu wanaonijua, na mtu akiniona na dumu kwenye keria ya baiskeli, habari ingepanda lori ifike Mpitimbi kabla yangu. Nikashika ile njia ya changarawe inayozunguka nyuma ya milima, ambayo wazee wanasema ilichongwa kwa ajili ya magari ya kubeba mbao, magari yakahama, ikabaki ya waenda kwa miguu na sisi wa baiskeli. Jamani, ile njia. Unaendesha saa nzima husikii honi wala huli vumbi la mtu, unasikia changarawe tu chini ya magurudumu na maji yanapita mahali fulani bondeni, ukipanda unashuka unasukuma, ukiteremka upepo unakukausha jasho, na mbele yako hakuna kitu ila ngedere wamekaa katikati ya barabara kama vile wamejengewa wao. Nilianza kuimba nyimbo za kanisani. Nilikuwa sijaimba tangu Skola aondoke, na pale nikajua kwamba nina furaha na naogopa, vyote kwa pamoja.

Karibu na kilele nikasikia nyuma yangu sauti kama nyoka. Nikasimama. Dumu lilikuwa limevimba tumbo, na pembeni ya kifuniko povu kidogo linatoka likizomea. Hapa ndipo mtu mwingine yeyote wa mkoa huu, hata mtoto wa darasa la pili, angelegeza. Mimi nikaona kifuniko hakijakaza. Nikatoa leso, nikaishika vizuri, nikakikaza mpaka vidole vikaniuma, kisha nikaongeza mpira wa tyubu juu yake kwa usalama.

Nyumba ya baba mkwe iko mwisho wa mteremko. Ile njia inashuka, inapinda mara moja, halafu inamwagikia karibu kabisa na uwanja wao. Nilipopinda nikawaona wote wamekaa wananisubiri, nikamwona Skola amesimama mlangoni na gauni la bluu nililomshonea mimi, nikanyoosha mgongo ili nifike kama mtu mwenye heshima zake, na gurudumu likaingia kwenye shimo.

Mlio ule sijui niufananishe na nini. Nilidhani nimepigwa risasi. Kifuniko kilikwenda na mpira wake na hakijaonekana mpaka leo, ulanzi ukanipiga kisogoni, ukanijaa kwenye kola, ukanishuka mgongoni mpaka kwenye soksi, baiskeli ikaenda inakotaka yenyewe, ikapita katikati ya mabenchi mawili (waliruka vizuri, wazee wale), ikanitupa kwenye maboga. Na katika kuanguka nikajing'ata ulimi.

Nikainuka. Goti lilikuwa limeumia, kwa hiyo nikapepesuka. Nikataka kusalimia, ulimi umevimba, ikatoka "chikamooni wachee". Shati jeupe limegandana na mwili, povu linanichuruzika masikioni, na harufu niliyokuwa naikimbia tangu asubuhi imejaa uwanja mzima.

Baba mkubwa ndiye aliyeanza, taratibu, kama mtu anayemalizia kusoma barua.

"Haya, wenzangu. Mlisema tumwone. Tumemwona."

"Baba, chijaonja," nikasema. "Nimebeba tu."

"Walevi wote wamebeba tu," akajibu. "Tofauti ni wameibebea wapi."

Watu wakaangua kicheko. Skola hakucheka. Alinitazama mara moja, akageuka, akaingia ndani. Nilijua nimempoteza. Nimempoteza kwa pombe ambayo sikuinywa, na hakuna mtu duniani wa kunitetea, maana shahidi wangu mwenyewe alikuwa amemwagika kwenye maboga.

Sasa lazima niwaeleze jambo kuhusu mama mkwe. Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumwangalia usoni wala yeye kuniangalia. Ndiyo heshima ya kwetu. Tukikutana njiani mmoja anaingia kwenye majani mpaka mwenzake apite. Akiwa na neno langu analisema kwa ukuta, nami nikiwa karibu nalisikia. Siku ile alikuwa amekaa nyuma na kina mama, kanga imeshuka mpaka kwenye macho.

Akasimama. Akatembea mpaka kwenye maboga, akaokota lile dumu, akalitikisa, akapitisha kidole kwenye mdomo wa dumu. Kisha akauliza hewani:

"Nani alikaza hiki kitu?"

"Mimi," nikasema.

"Aliyekuuzia hakukuambia?"

"Aliniambia."

Akaguna. Halafu akafanya jambo ambalo lilizima kicheko chote uwanjani. Alisukuma kanga nyuma, akaja mpaka mbele yangu, akaniangalia machoni. Nikatazama chini.

"Inua uso. Fungua mdomo."

"Mama," baba mkwe akasema, "unafanya nini?"

"Nafanya ambacho ninyi wanaume watano mmeshindwa kufanya," akamjibu, na akaniinamia akanusa. Akanusa tena, kwa utulivu, kama anayenusa maziwa kujua kama yamechacha. Mimi nimefumba macho, natamani ardhi inimeze na baiskeli yangu.

Akageuka. "Shati ndilo limelewa," akasema. "Mtu ni mkavu. Mdomoni ana muhogo wa kuchoma na damu." Akamwelekea baba mkubwa. "Kama huamini, shemeji, njoo unuse na wewe."

Baba mkubwa hakwenda. Baba mkwe akaangalia dumu, akaniangalia mimi, mabega yakaanza kumtikisika, na mzee yule akacheka mpaka akatafuta benchi la kukalia. Na katikati ya kicheko hicho Skola akatoka na beseni la maji na shati la baba yake.

"Vua hilo, Baba Osmunda," akasema. "Utalewesha kuku."

Kesho yake tulirudi kwa njia ileile ya changarawe, Skola kwenye keria, Osmunda mbele, kwenye kupanda tunashuka na kusukuma, hatukukutana na gari hata moja, na sikuimba maana ulimi ulikuwa bado unauma. Skola ndiye aliyeimba.

Mama mkwe akarudi kwenye kanga yake na ukuta wake, kama kawaida. Sikupata kumwangalia usoni tena mpaka alipofariki, ila kila mwaka msimu wa ulanzi nilimpelekea kuku, nikimwacha mlangoni na kuondoka kabla hajatoka, kwa sababu mwanamke yule alikubali kuibeba aibu yake mbele ya ukoo ili aniondolee yangu. Pombe sijaigusa tena, na chochote kinachopumua sikifungii njia. Dumu bado tunalo, tunatekea maji. Mara kadhaa nimetaka kulinunulia kifuniko, na Skola anakataa, anasema hilo liacheni wazi hivyohivyo.