Baiskeli ya Kumshukia Mkwe

Wacha nijisifu, maana wengi walionicheka wametangulia mbele ya haki na hawawezi kunibishia. Miaka ile ya hamsini, baiskeli ya kumkalisha mtu wima kama yuko barazani kwake ilikuwa moja tu kati ya Tongoni na Pongwe, na niliitengeneza mimi.

Nilikuwa mkwezi wa minazi Tongoni. Siku moja nikashika kuti kavu, nikaanguka nalo. Nilipona, alhamdulillahi, lakini mgongo ukakataa kuinama. Baiskeli yangu ilikuwa na usukani wa chini, ikinikunja kila nikiipanda, na nikishashuka, kupanda tena ni mpaka nishikwe mkono. Basi nikaona heri nisishuke.

Kwetu, ukiwa juu ya baiskeli ukamwona mzee, unashuka ndipo unamwamkia. Akiwa mkweo, unashuka tangu mbali ukaikokota. Mimi nikampita baba mkwe wangu pale Pongwe, nikamtupia shikamoo kutoka juu. Hakuitika.

Mke wangu alikuwa hapo hapo kwao, amekwenda kujifungua mtoto wetu wa kwanza kama ilivyo ada. Arobaini ilipokaribia, mzee akaleta maneno: "Mwambieni, anayeniamkia kutoka juu kama Bwana Shauri wa serikali ya Wazungu hamchukui mwanangu. Aje ashuke kwanza." Nilikasirika, kisha nikalia. Mtoto mwenyewe nilikuwa sijamtia machoni. Lakini kwenda kwa mkwe kulalamikia mgongo, nilikataa katakata. Mwanamume mzima!

Nikaamua kuibadili baiskeli yenyewe, nikaanza kwa kukosea. Nilidhani raha iko chini, nikashusha kiti mpaka mwisho. Magoti yakawa yananipanda kifuani, na mgongo ukauma maradufu. Nikakirudisha juu, nikaketi kuitazama baiskeli kwa hasira mpaka nikaelewa kwamba kiti hakikuwa na kosa. Ni mikono iliyokuwa ikiuvuta mgongo kwenda mbele.

Nikaenda kwa fundi mmoja wa Kihindi mjini Tanga. Kwenye vyuma vyake chakavu nikaokota usukani wa baiskeli ya kike, mpana, wenye pembe zilizorudi nyuma kumfuata mpandaji. Fundi akacheka.

"Huu wa bibi, bwana."

"Mgongo wangu haujui hayo," nikamwambia.

Shingo ya ule usukani ilikuwa fupi, nikamletea kipande cha bomba la maji, akaichomea mpaka ikarefuka. Kwenye ekseli ya nyuma nikafunga chuma cha kukanyagia, niweze kupanda na kushuka kwa nyuma nikiwa nimenyooka. Nikaijaribu kwenye barabara ya Raskazone, hapo hapo mjini. Wallahi, nilipita pale nikitazama mbele kama watu, badala ya kutazama gurudumu. Vijana wakaniita mama mkunga. Nikawapigia kengele.

Siku ya arobaini nikafika Pongwe. Nilipomwona mzee kibarazani kwake nikashuka mbali, mbali kuliko inavyotakiwa, nikaikokota polepole ili aone vizuri.

"Shikamoo, baba."

Akaniangalia mimi, akauangalia usukani, akazunguka nyuma akakigusa kile chuma kwa ncha ya bakora.

"Marahaba. Ni mgongo?"

"Ni mgongo, baba."

"Mficha maradhi," akaanza, asimalize. Akamwambia mke wangu afunge mizigo, kisha akachukua jembe lake akaenda shamba bila kuniaga. Sikujua kama nimesamehewa au la. Mke wangu naye hakujua, na nilimwona akimfunika mtoto mara tatu bila sababu.

Tuliondoka, mke ameketi kwenye keria juu ya mto wa sufi niliouandaa, mtoto kifuani mwake. Nilikuwa nimemwona mwanangu kwa mara ya kwanza asubuhi ile, na nilikuwa namwendesha kwa chombo cha mikono yangu mwenyewe. Nani alikuwa kama mimi?

Shamba la mzee lilikuwa kando ya barabara. Tulimkuta amesimama ukingoni, jembe begani, kama aliyekuwa akitusubiri. Nikafunga breki, nikaanza kumwambia mke wangu ateremke ili nami nishuke.

Mzee akainua mkono.

"Usishuke, mwanangu," akasema. "Umewabeba wanangu."

Nikampita mkwe wangu nikiwa juu ya baiskeli, nimekaa wima.