Chupa ya Faili

Mawakala wenzake wa forodha pale ghorofa ya pili walimwita Bi Nukta, na wala hakununa. Angekurudishia karatasi kwa nukta moja iliyokosekana, hata kama umekuja unahema na gari la mizigo linakusubiri chini. Umlilie, umbembeleze, ng'o! "Nikikuonea huruma mimi," angekwambia, "na forodha ya huko uendako nayo itakuonea?"

Basi mtu wa namna hiyo Mungu akampa mdogo wake wa kiume mwenye mdomo. Bwana huyu alikuwa na kiwanda kidogo uani kwake, akitengeneza kinywaji cha tangawizi na nanasi, na kwa kukisifia hakuwa na breki. Duka moja la ng'ambo lilipomwomba sampuli, alijaza karatasi mwenyewe bila kumuuliza dada yake. Mahali pa maelezo ya bidhaa akaandika: "Hufungua kifua, huondoa uchovu, hurudisha ujana." Watu wa forodha wa huko wakasoma, wakasema kumbe hii ni dawa, kibali cha dawa kiko wapi? Kibali hakuna. Katoni nzima ikamwagwa. Mwenye duka akaandika kwa upole kwamba atapokea katoni moja nyingine, na hiyo nayo ikikwama, basi tena.

Ndiyo maana mchana huo mdogo mtu alikuwa amekaa mbele ya meza ya dada yake, kanywea kama aliyeitwa na mwalimu mkuu. Katoni ya chupa kumi na mbili ilikuwa sakafuni. Gari la kuichukua lilikuwa njiani.

"Maelezo ya bidhaa," alisema Bi Nukta, vidole vikiwa tayari kwenye kompyuta.

"Andika kinywaji kitamu cha..."

"Kitamu toa."

"Dada, kitamu nayo ni dawa?"

"Hayo ni maneno ya sokoni. Kinywaji kisicho na kilevi. Maji, nanasi, tangawizi, sukari. Nukta."

"Hicho hata mimi sinunui."

"Huuzi wewe, unapeleka sampuli. Haya, tia saini hapa."

Mdogo mtu akasoma: "Sampuli za kuonjwa tu. Hazina thamani ya kibiashara." Akaiweka kalamu chini.

"Sitii."

"Hutii nini?"

"Nimehangaika na tangawizi mpaka vidole vinawasha, leo niseme kwa mkono wangu hazina thamani? Wewe mwenyewe, dada, hujawahi kuniambia ni tamu. Hata siku moja! Nikikuuliza, oh, mimi si mtu wa vinywaji."

Hapo alisema kweli. Bi Nukta alijifanya anatafuta stepla, lakini ilimchoma. Alimlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki, na siku zote aliogopa kwamba akimsifu tu, kichwa kitavimba na kazi itamshinda.

"Maana yake haziuzwi, basi," alisema. "Saini, gari linakuja."

Mdogo mtu akaibeba katoni kwa hasira aondoke nayo. Kinywaji kikamchuruzikia viatuni. Chupa moja ilikuwa imepasuka.

Karatasi zinasema kumi na mbili, katoni ina kumi na moja! Kwa Bi Nukta huo ulikuwa msiba. Lakini mdogo mtu uso ukamng'aa. Kila alipobadilisha mapishi, dada yake alidai chupa moja ya kuhifadhi, eti kumbukumbu ya faili.

"Chupa ya faili! Si nimekukabidhi asubuhi?"

"Usifungue hilo kabati," alisema Bi Nukta.

Alishafungua. Chupa za faili zilikuwa mle ndani, zimeoshwa, zimepangwa kwa tarehe, zote tupu. Hata ya asubuhi.

"Dada! Nani kanywa faili?"

Bi Nukta alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakuwa na karatasi ya kujitetea.

"Mimi. Ni tamu, mdogo wangu. Ni tamu mno, na hii ya leo ndiyo imenimaliza kabisa. Umeridhika? Sasa fyata mdomo, usiniharibie jina hapa ghorofani."

Mdogo mtu alicheka mpaka akakaa chini, halafu akajipangusa macho, na si kicheko peke yake kilichoyalowesha. Bi Nukta akamtupia katoni nyingine kavu, akabadilisha hesabu ziwe chupa kumi na moja, akachapa karatasi upya. Honi ikalia chini. Mdogo mtu akachukua kalamu, akatia saini palepale chini ya "hazina thamani", mkono haukusita hata kidogo.

Mlangoni, katoni begani, akageuka.

"Kesho nikuletee ngapi, dada?"

"Mbili," alisema Bi Nukta, bila kuinua macho. "Moja ni ya faili."