Jumapili za Asiye na Watoto

Kanuni ile niliiandika mwenyewe, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Maabara yetu hukuza seli kwenye chupa, na seli hazijui Jumapili; lazima mtu aje azibadilishie maji ya chakula. Kazi hiyo tunaiita kulisha. Wakubwa walipounda kamati ya kutetea wanawake na sisi tuliotoka mitaa maskini kama Kaloleni, walinichagua mimi, wakanipiga hata picha ya kubandika ukutani. Nikavimba kichwa. Nikaandika kwamba mwenye watoto asipangiwe zamu ya Jumapili, na wote wakapiga makofi.

Mimi sikuwa na watoto. Jumapili zikawa zangu.

Mama alikuwa amebaki peke yake Kaloleni. Kila ibada ikiisha alinipigia simu.

"Umeshalisha hao watoto wako?" akinitania. "Na mimi nitalishwa na nani?"

Nilicheka. Mjinga mimi, nilicheka.

Jumapili moja aliomba matumbo ya soko la Burma. Nikamwahidi kwamba saa saba nitakuwa nimefika. Lakini chupa moja ilikuwa imeingia ukungu, ikabidi nizikague zote, moja moja. Simu nilikuwa nimeiacha nje kwenye kabati, kama tunavyotakiwa, isiingize uchafu. Nilipotoka nikakuta amenipigia mara tatu.

Nilifika saa kumi, matumbo mkononi. Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa kwenye kiti, ameuelekea mlango, na jirani yake, mama wa Kiislamu wa nyumba ya pili, alikuwa amemfunika hadi usoni kwa leso yake mwenyewe.

"Nilimletea pilau akakataa, mwanangu," aliniambia. "Alisema hawezi kula, msichana wake ako njiani."

Kanuni tumeirekebisha. Nilisimama mbele ya kamati, nikaomba baada ya "mwenye watoto" yaongezwe maneno mawili tu: au mzazi. Wenzangu hunishukuru kwenye korido, chini ya ile picha ambamo nacheka nimeshika chupa. Naichukia picha hiyo.

Mimi sina watoto, na sasa sina mzazi, kwa hiyo Jumapili bado nalisha. Simu siku hizi naingia nayo, nimeifunga kwenye mfuko safi, na hakuna anayethubutu kunikataza. Saa sita, ibada zinapoisha, naweka chupa chini na kuitazama simu.