Sikio la Kuingilia Shule

Wajerumani walipofungua shule ya watoto wadogo karibu na boma, wazazi wangu waligombana kwa ajili ya mkono wangu wa kulia. Sharti lilikuwa moja: mtoto apitishe mkono juu ya kichwa, ashike sikio la upande wa pili. Akilishika, ameiva. Asipolishika, arudi kwao akakue.

Mama alikuwa na mtihani wake. Kwake, mtoto aliyeiva ni yule anayerudisha ndama wote jioni bila kusimamiwa, nami nilikuwa nimeshaufaulu.

"Hao wanapima mikono," alimwambia baba. "Vichwa watavipima lini?"

Baba hakusikia la mtu. Askari wa boma waliwahi kumchapa viboko kwa ajili ya karatasi asiyoweza kuisoma, akaapa kwamba mwanawe ataisoma. Alitegemea niwe karani kabla uwele haujavunwa. Kila asubuhi alinivuta mkono mpaka bega likalia, kisha akanisifu kwamba ninarefuka.

Siku ya kupimwa, vidole vyangu viliishia juu kidogo ya sikio. Mwalimu, mtu wa pwani aliyejitesa kuvaa kanzu nyeupe katika vumbi letu, akatikisa kichwa. Ndipo baba akakumbuka kwamba sisi ni Wagogo. Ndewe yangu, ile nyama ya chini ya sikio, ilikuwa imetobolewa zamani na kutanuliwa kwa kijiti mpaka ikaning'inia. Baba akachomoa kijiti, akaivuta ndewe na kuipachika juu ya sikio, kama tulivyofanya porini ili isinaswe na miiba. Vidole vyangu vikaidaka.

"Ameshika," baba akatangaza.

Mwalimu alizunguka kichwa changu akitafuta kosa, akalikosa. Nikaandikishwa. Baba alitembea kurudi nyumbani kifua mbele, utadhani karani ni yeye.

Shuleni nilifundishwa kusimama mstarini, kupigia bendera saluti, na kumwimbia Kaisari ambaye hata mwalimu mwenyewe hakuwahi kumwona. Baada ya wimbo, sisi tulioiva tulikabidhiwa mbuzi wa mwalimu, tukawachunge hadi jioni. Elimu iliishia hapo.

Jioni moja, nikiwaswaga mbuzi hao, nilikutana njiani na baba akiwaswaga ndama wetu, kazi niliyomwachia.

"Mbuzi wa nani hao?"

"Wa mwalimu, baba."

"Na kusoma?"

"Amesema tutaanza tukikua."

Baba aliwatazama mbuzi, akanitazama mimi. Nilimwonea huruma. Nilidhani atafoka, au atanishika mkono anirudishe kwa mama. Badala yake aliwaacha ndama wake pale pale njiani, akanisaidia kuwakimbiza mbuzi hadi kwa mwalimu kabla jua halijazama, nisije nikachapwa.