Watoto Waione au Wasiione

Mzevinar Mamaladze alikuwa mwanamke wa maneno mengi, na kwetu Guria, huku Georgia, hilo si kosa. Mtu akikaa kimya hapa, majirani humletea dawa. Alifundisha chekechea mpaka shule ikafungwa kwa kukosa watoto, kisha akapewa kazi ya kuwachagulia watoto filamu za Jumapili katika ukumbi wa mji wetu. Mimi, Lamara, nilikuwa nikikata tiketi mlangoni. Kwa hiyo ninayoyasimulia niliyaona kwa macho yangu, au aliniambia mwenyewe tukimenya jozi jikoni kwake.

Kazi ile aliichukulia kama ulezi. Mara moja alisimama mbele ya mtambo wa filamu akatandaza sketi yake pana ili watoto wasione mbwa mwitu akimrarua mwanakondoo. Watoto wakapiga kelele, "Bibi Mzevinar, toka!" Akawajibu palepale, "Nitatoka akishashiba!"

Nyumbani aliishi na mjukuu wake Tekle, aliyekuwa darasa la sita. Mama yake Tekle, Maka, alikuwa Italia akitunza wazee wa watu, kama wanavyofanya akina mama wengi wa huku, na alipiga simu kila jioni. Tekle alikuwa mpole, wa kwanza darasani, na alicheza ngoma katika kikundi cha mwalimu Jumberi. Ngoma ya wasichana wetu mnaijua: msichana anateleza chini ya gauni refu kana kwamba anaelea juu ya maji, na miguu haionekani kabisa. Watu waliokuwa wakimwona Tekle akiteleza walishika vifua.

Mwezi wa tatu, mvua ikinyesha bila kupumzika, wasambazaji wa filamu wa Tbilisi, mji mkuu, walituletea filamu mpya. Iliitwa *Maji Matulivu*. Ilikuwa habari ya msichana wa miaka kumi na mitatu anayecheza ngoma kama hiyo yetu. Anakua haraka, mwalimu wake anampima kiuno kwa futi ya fundi, na msichana anaanza kujinyima chakula. Anamdanganya mama yake mezani, anatabasamu, anasifiwa. Siku ya tamasha anateleza vizuri kuliko wote, halafu gauni linaanguka taratibu, na yeye yumo ndani yake. Filamu inaishia hospitalini, mama akiwa ameketi koridoni, na hatuambiwi kama mtoto atapona. Wasambazaji walisema inafaa kuanzia miaka kumi na miwili, lakini uamuzi ni wa ukumbi.

Tuliitazama mchana, mimi na yeye tu, mvua ikipiga bati. Mzevinar hakusema neno tangu mwanzo hadi mwisho, nami nikaanza kuogopa. Taa zilipowaka nikamuuliza, "Vipi?"

"Nzuri," akasema. "Nzuri sana. Ingekuwa mbaya nisingepata shida."

"Basi tuionyeshe."

"Pale anapomdanganya mama yake mezani, umepaona? Lamara, mimi nimelea watoto wa mji mzima huu. Mtoto hakumbuki mwisho wa hadithi. Anakumbuka ujanja."

"Na yule ambaye hakuonyeshwa kitu, anakumbuka nini?"

 Alivaa koti lake, akafunga vifungo vibaya, akaondoka hivyo hivyo.

Habari za filamu zilimfikia Jumberi kabla hatujafunga mlango. Kesho yake akaja ukumbini, mwanaume mkubwa, masharubu meupe, magoti yake yakilia kwa kila ngazi. Nusu ya mji wetu alikuwa ameufundisha kucheza, mimi nikiwemo.

"Mzevinar," akasema, "nasikia unataka kunizika. Nimekuja kuuliza, jeneza ni la mti gani?"

"Msitu mzima utaisha, Jumberi, kwa hilo tumbo. Kaa chini."

Akakaa, na mzaha ukamwisha. "Mimi nawapima wasichana kwa futi. Gauni litashonwaje bila kipimo? Sasa ukiionyesha hiyo filamu yako, Jumatatu kila mzazi ataniangalia kama mchinjaji."

"Umewahi kumwambia mtoto asile?"

"Nimewaambia wasile keki kabla ya mazoezi. Nani hajawaambia? Mama yangu aliniambia hivyohivyo, na unaniona nilivyo."

Mzevinar alicheka, lakini Jumberi alipoondoka, yeye aliniambia, "Nikiikataa, watasema nimemwogopa huyu. Nikiikubali, nimewapa watoto wa watu kisu kwa kuwa kisu ni kizuri."

Mwishowe aliamua jambo ambalo wakati ule nililiona la busara. Aliwaita wazazi waitazame kwanza wao, bila watoto. Walikuja wengi, maana mvua ilikuwa imewachosha majumbani. Walilia. Nestan wa duka la dawa alilia mpaka akavua kofia akajifutia uso. Taa zilipowaka, yeye ndiye aliyesimama wa kwanza.

"Mwanangu hataiona hii."

"Mbona wewe umelia?" Mzevinar akamuuliza.

"Ndiyo sababu!"

Baba mmoja akasema kutoka nyuma, "Hayo ni ya Tbilisi. Huku kwetu mtoto akikataa mkate wa jibini, tunamwita kasisi." Ukumbi ukaangua kicheko, na kicheko kile kikamaliza mjadala. Mikono ikanyooshwa, walioikataa walikuwa wengi mno. Mzevinar angeweza kuwapinga, kwa kuwa neno la mwisho lilikuwa lake. Hakuwapinga. Jumapili ile watoto walionyeshwa katuni ya dubu na nyuki, nami nikamwona Mzevinar amechangamka kama mtu aliyetua mzigo.

Lakini chungu unachomkataza mtoto ndicho anachofunua. Haikupita wiki, filamu ile ikawa inatembea kwenye simu za wasichana. Walikuwa wakiitazama katika chumba cha kubadilishia nguo, kabla ya mazoezi, wamebanana vichwa juu ya kioo kimoja. Nestan alimfumania binti yake, akaja ukumbini kutugombeza, kana kwamba sisi ndio tuliowagawia.

Mzevinar aliwaka. Mimi nilimfuata nyumbani kwake kwa sababu nilimjua. Hasira yake ilikuwa fupi, lakini huvunja vyombo. Tekle alikuwa mezani jikoni akifanya hesabu za shule. Mbele yake kulikuwa na sahani ya maharage, haijaguswa.

"Bibi," Mzevinar akamwita, maana kwetu bibi humwita mjukuu kwa jina lilelile analoitwa na yeye, "bibi yangu, na wewe umeitazama?"

"Nimeitazama."

"Nife mimi badala yako, kwa nini? Si nilisema si ya watoto? Haya niambie, mmejifunza nini humo?"

Tekle hakuinua uso. "Sijajifunza kitu."

"Umejifunza! Nakuona hujala."

"Sijajifunza kitu, Bibi. Nilikuwa najua zamani."

 Mzevinar alisimama na skafu mkononi.

"Zamani lini?"

"Kabla ya Krismasi." Kisha mtoto akaanza kulia, taratibu, bila sauti, machozi yakiangukia daftari la hesabu. "Nilipoiona ile filamu nilidhani kuna mtu ameniona. Nikawaza, ungeionyesha ungeniona na wewe. Lakini ulileta dubu."

"Mungu wangu. Ni Jumberi? Ni Jumberi aliyekwambia?"

"Hapana. Wewe ulisema. Siku ya gauni jipya. Ulisema nimekuwa mwembamba kama mshumaa, mrembo kuliko mama alipokuwa na umri wangu, ulisema uliwaambia hata majirani." Akameza mate. "Nikaogopa kunenepa."

Mzevinar alikaa.  Ndipo alipomvutia mtoto karibu, akamvua sweta ile kubwa ambayo Tekle alikuwa akiivaa kila siku na sisi sote tukidhani ni baridi. Sitayasema tuliyoyaona. Mtoto alikuwa akiishi nasi, tunamnywesha chai, tunamsuka nywele, tunamshangilia jukwaani, na chini ya nguo alikuwa akiisha.

Walikwenda Batumi, mji wa pwani, kwa daktari, na Tekle akalazwa. Maka aliacha kazi Italia akarudi, amekonda naye kwa wasiwasi. Alimwuliza mama yake mbele yangu, "Ulikuwa unatazama nini, mama?" Mzevinar akasema, "Filamu." Hakukusudia kumjibu vibaya. Ndilo neno lililomtoka.

Jumberi naye alikuja. Alisimama getini kwenye mvua, hakutaka kuingia, na safari hii hakuleta mzaha.

"Nilimwambia asile keki," akasema. "Hilo tu. Naapa kwa kaburi la mama yangu."

"Najua," Mzevinar akajibu. "Na mimi nilimwambia ni mrembo. Ingia, utaugua."

Akaingia, wakakaa wakanywa chai, watu wawili wazima wasiojua pa kuweka mikono.

Vuli ilipofika, Mzevinar aliionyesha *Maji Matulivu*. Hakuitisha kikao wala kumwomba mtu ruhusa. Aliweka sharti moja: mtoto akae na mtu mzima wake, bega kwa bega, na wadogo watazame katuni chumba cha pili. Alimleta pia yule daktari wa Batumi. Mji uligawanyika. Wengine walisema amechanganyikiwa, anawaponza watoto wa watu kwa uchungu wa mjukuu wake. Nestan aliacha kumsalimu, na duka lake la dawa ndilo pekee lililo karibu, hivyo Mzevinar ikawa akitaka kidonge cha presha ananituma mimi.

Ukumbi haukujaa hata nusu. Filamu ilipoisha daktari alizungumza kwa lugha rahisi, akauliza kama kuna mwenye swali, na hakuna aliyenyoosha mkono. Nilidhani tumeshindwa. Kisha, watu wakitafuta makoti na miavuli, nikaona msichana mmoja mrefu amemvuta daktari pembeni ya pazia, na muda mfupi baadaye mwingine, ambaye sikumtarajia kabisa. Jumberi aliketi mstari wa mwisho. Tangu wakati huo anashonesha magauni mapana na kuyafunga kwa kamba ubavuni, yamkae kila mtoto. Watu wanasema ngoma yake imeharibika. Labda ni kweli. Mistari si safi kama zamani.

Lakini Mzevinar hajapata amani. Kila tukimenya jozi huniuliza kama angeionyesha mwezi wa tatu, yeye na Tekle wamekaa pamoja, ingekuwaje. Namwambia mtoto alikuwa ameshaugua. "Najua," hujibu, "lakini gizani angenishika mkono." Siku nyingine hugeuza swali, huniuliza kama wale ambao hawakuwa na tatizo sasa wamelipata kwake. Mimi humsogezea bakuli la jozi.

Tekle sasa anaishi Batumi na mama yake, karibu na daktari. Hachezi tena. Kuna wiki anakula vizuri, na kuna wiki ambayo meza inageuka uwanja wa vita. Mwezi uliopita walikuja kwa mavuno ya jozi. Mzevinar alipika maharage, akaweka kwenye meza, akajizuia kumwangalia mtoto mdomoni, kama alivyofundishwa. Tekle alikula nusu sahani. Kisha akasimama, akatoka nje uani, na mvua ilikuwa ikinyesha.

Maka alitaka kumfuata. Mzevinar akamshika mkono. "Muache. Daktari alisema tusimkimbize."

Tulikaa watatu, tumetega masikio tusije tukasikia anatapika. Nilimwona Mzevinar akiuma kona ya skafu yake. Muda ulipita mrefu kuliko nilivyoweza kuuvumilia.

Tekle aliporudi alikuwa amelowa mpaka nywele, akaomba soksi kavu. Mzevinar akaenda kuzitafuta.